Tumemtupa jongoo na mti wake

Masika yalipokolea, niliwakuta watoto wa shule mtaani kwetu Likoni wakimponda kwa mawe jongoo mweusi mwenye miguu myekundu. Nilipowauliza kosa lake, mmoja alijibu, “Mjomba, huyu huuma!” Alimchanganya na tandu.

Kosa hilo si dogo. Tandu ana sumu. Jongoo hamwumi mtu. Akiguswa hujikunja, na silaha yake ni majimaji yanayowasha. Chakula chake ni majani yaliyooza, ambayo huyageuza kuwa rutuba.

Ajabu ni kwamba kiumbe huyu wa pwani yetu hufugwa majumbani huko Ulaya na Marekani. Huwekwa katika sanduku la kioo, akatandikiwa udongo na majani makavu, akanyunyiziwa maji. Wafugaji humwita “treni ya Mombasa”. Jina lake la kitaalamu, alilopewa mwaka 1873, ni pulchripes, yaani mwenye miguu mizuri. Wageni waliuona uzuri huo. Sisi twashika mawe.

Sisemi tuwauzie. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi waliokusudiwa kuuzwa ng’ambo kwa wafugaji. Sheria yetu, basi, humlinda hata mdudu. Lakini nani atalinda asichokijua?

Utotoni, nyanya yangu aliniruhusu kumweka jongoo ndani ya kifuu chenye majani, kwa sharti nimrudishe shambani kabla ya magharibi. Siku ile moja ilinifunza maana ya “pingili”, “kujikunja” na “amana” kuliko kitabu chochote.

Wahenga walinena: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kila mwaka twawakaririsha wanafunzi methali hii kwa ajili ya mtihani. Asiyeweza kumtofautisha jongoo na tandu amekariri sauti tu. Nasi tulipomtupa jongoo, tulitupa pia msamiati uliomzunguka.

Nawasihi walimu wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe: mvua ijayo, somo moja la Kiswahili lifanyiwe chini ya mwembe. Watoto wachuchumae, wamtazame jongoo akipita, wahesabu pingili zake, waandike walichokiona. Kisha wamwache aende zake.