Trekta linang'aa, lakini maji yalikuwa ya nani?

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, wiki hii hapa Hedaru nimekosana na kijana wetu mmoja kwa sababu ya trekta. Alikuja baada ya Adhuhuri na mpira wa maji na kopo la polishi, akaunganisha mpira kwenye bomba la kutawadhia. Vuli inakaribia, wakulima wanatafuta trekta, naye alitaka lake ling'ae. Nikafunga bomba. Akasema: "Shehe, si wewe uliyetufundisha kuwa usafi ni nusu ya imani?"

Swali lake ni zuri, nami nilimjibu kwa hasira. Leo namjibu kwa utulivu, na nyote msikie.

Kwanza, kuosha trekta si kosa. Ni katika kushukuru neema. Tope likikaa kwenye chuma huleta kutu, vumbi huziba rejeta, na polishi huikinga rangi na jua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo mng'ao wenyewe si kiburi.

Tatizo ni maji. Maji ya tangi la msikiti yamewekwa wakfu kwa ajili ya udhu. Hata mimi imamu sina ruhusa ya kuyabadilishia matumizi. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, kiasi cha ujazo wa viganja viwili pamoja. Sasa pima mwenyewe: mpira ukiachwa wazi nusu saa, ni watu wangapi wangetawadha?

Sisi wa huku tambarare mvua zetu ni chache. Wazee wa Kipare walijenga ndiva, maji yakakusanywa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Walijua kuwa ndani ya maji kuna haki ya jirani.

Wapo watakaosema: basi nitaosha mferejini. Hapana! Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Wewe utamwagaje oili na dizeli mahali mwenzako ananywesha mbuzi?

Fanya hivi. Kwangua tope kavu kwanza. Chukua ndoo mbili za maji yako mwenyewe na kitambaa, simama mbali na mfereji, osha, kausha, ndipo upake polishi. Kisha piga grisi na usafishe chujio la hewa. Trekta linalong'aa nje huku ndani linalia ni kama swala ya kuonyesha watu.

Na usafi mkubwa kuliko wote ni wa mapato yake. Mjane akikulipa heka moja, mlimie heka kamili, kwa kina mlichokubaliana. Uchafu wa kupunja hautoki kwa sabuni wala polishi.

Kijana wangu, nisamehe kwa kukukemea mbele ya watu. Bomba la msikiti litabaki limefungwa kwa trekta. Lakini njoo nyumbani kwangu Jumamosi, ndoo mbili zipo, na kitambaa nitashika mimi.

Wabillahi tawfiiq.