MAUA YA KIPWA: TUACHE KUMWAGA MAJI BURE

Ndugu wanafunzi, waalimu wetu wapendwa, kaka na dada wa enterna,

Mwezi wa 6 umeingia. Asubuhi tunaenda darasani na mapulovere, na kila mtu akifungua mdomo unatoka moshi. Watu wa Ulaya sasa wanangoja joto; sisi wa Katanga, kusini mwa ikweta, tunaingia katika baridi. Mvua ya mwisho ilianguka mwezi wa 4, na ingine hatutaiona vizuri mbele ya mwezi wa 10. Ndio kipwa: jua mchana, baridi usiku, vumbi kila saa, na kisima kinaanza kupungua.

Katika hali hii kuna neno moja linalosumbua masomo yetu. Ni maua ya mbele ya biro. Wengine wanasema lazima yabaki mazuri mpaka siku ya kutangaza matokeo, kusudi wazazi na wageni wasikute vumbi tupu. Wengine banasema: « Hatuna mayi ya kunawa, na mauwa nayo inakunywa! Muyangoe yote, mupande mboga. » Maneno yamekuwa mengi, hata kwenye meza ya chakula. Sisi makapita tumekaa pamoja, tumezunguka kiwanja chote na daftari mkononi, tumeona na tumehesabu. Leo tunatoa wazo letu mbele ya wote, kwa heshima, lakini bila kuficha.

Tuanze na hesabu, sababu hesabu haina upande. Mbele ya biro kuna vitanda sita vya maua. Kila kimoja kina metri 10 urefu na metri 2 upana. Ni metri za mraba 20, na kwa vitanda sita ni 120. Tukimwaga litri 5 tu kwa kila metri ya mraba, tunahitaji litri 600 kwa siku. Ni bidoni 30 za litri 20. Mwana-enterna mmoja akipata litri 10 za kunawa, basi maua yanakunywa maji ya watu 60. Na ni nani anayebeba bidoni hizo? Si sisi wakubwa. Ni wadogo wetu wa mwaka wa 7 na wa 8, wengi wao wakiwa katika punisyo. Wiki iliyopita wadogo wawili walikosa nusu ya enterogasyo ya hesabu, sababu walikuwa bado kisimani. Mtoto wa miaka 12 aliyeazibiwa kwa maua atapenda maua namna gani? Atayachukia mpaka uzee wake.

Sasa tuangalie nini kinachokunywa maji hayo. Katika vitanda sita kuna zinia na yale maua ya manjano yenye harufu kali, tagete. Ni mimea ya mwaka mmoja. Mizizi yake haishuki mbali. Wakati wa mvua inachanua vizuri sana, inatoa mbegu, na kazi yake imekwisha. Tukiilazimisha kuishi mwezi wa 6 ni kama kumwambia mzee aliyemaliza kazi arudi shambani. Tunaimwagia asubuhi, saa nane inainama, majani ya chini yanakauka, na maua yenyewe yamebaki madogo kama vifungo vya shati.

Lakini tulipozunguka kiwanja tuliona kitu kingine, na hiki ndicho kilichotupa wazo hili. Kuko maua ambayo hakuna mtu anayeyamwagia hata kikombe kimoja, na sasa hivi, katika baridi hii, yanachanua kuliko wakati wote wa mwaka.

La kwanza ni ponsetia, ule mti mdogo nyuma ya jengo la biblioteki, wenye majani mekundu juu. Wengi wanadhani ule wekundu ni ua. Si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni vile vidonge vidogo vya manjano katikati. La pili ni bugenvilia ya kwenye ukuta wa enterna ya wasichana. Nayo ni hivyohivyo: ile rangi ni majani membamba kama karatasi, na ndani yake kuna ua dogo jeupe. La tatu ni mmea unaotambaa juu ya paa la garaji, wenye maua marefu ya rangi ya machungwa, yamejaa mpaka paa halionekani. La nne ni aloe zilizo kati ya mawe, nyuma ya kapela. Majani yake yameweka maji yake yenyewe tangu masika, na sasa yanatoa mikuki ya maua mekundu. Ndege wadogo wenye mdomo mrefu wanakuja kunyonya hapo kila asubuhi, sababu porini chakula chao kimepungua. Tusisahau na mti wa porini ulio karibu na kiwanja cha mpira, ule wenye ngozi nene na miiba, ambao waalimu wa biolojia wanauita Erythrina abyssinica. Utaangusha majani yake yote, na tangu mwezi wa 7 mpaka wa 9 utawaka mwekundu bila jani hata moja. Huo haukutoka mbali, ni wa Afrika yetu.

Tuliuliza: juu ya nini mimea hii inachanua wakati ingine inakufa? Tumejifunza katika biolojia, lakini wengi wetu tulijifunza kwa ajili ya egzame tu.

Mwaka wa 1920, huko Marekani, wachunguzi wawili, Garner na Allard, walitoa habari ya tumbako moja iliyoitwa Maryland Mammoth. Wakati wa joto tumbako hiyo ilikuwa inarefuka tu, haitoi ua. Wakati wa baridi, ndani ya nyumba ya vioo, ilikuwa inatoa ua ingali fupi. Wakaifungia ndani ya kijumba chenye giza sehemu ya mchana, wakati wa joto lenyewe, nayo ikatoa ua. Wakajua kwamba mmea unafuata urefu wa siku. Mwaka wa 1938 Hamner na Bonner wakaonyesha kwamba kinachohesabiwa hasa ni urefu wa usiku, na kwamba kwa mmea waliouchunguza, mwanga mfupi tu katikati ya usiku unaweza kuharibu hesabu yake.

Ponsetia ni mmea wa namna hiyo. Asili yake ni Meksiko. Jina lake linatoka kwa Joel Poinsett, mjumbe wa Marekani katika Meksiko, aliyeupeleka kwao katika miaka ya 1820. Unangoja usiku mrefu kusudi ugeuze majani yake. Kwao, kaskazini mwa ikweta, usiku mrefu ni wa mwezi wa 12, ndiyo maana katika Ulaya wanauuza sana wakati wa Noeli. Kwetu usiku mrefu ni wa mwezi wa 6. Lubumbashi iko karibu digri 12 kusini mwa ikweta: mwezi wa 6 mchana unapata saa 11 na nusu hivi, na mwezi wa 12 unapita saa 12 na nusu. Tofauti ni ya saa moja na kidogo tu. Sisi watu hatuioni. Mti unaiona. Kwa hiyo Noeli yetu ponsetia ni ya kijani, na inakuja kuwa nyekundu wakati wa egzame. Haikukosea kalenda, inafuata kalenda ya hapa.

Mwenye mashaka aende kuangalia ponsetia mbili za kwenye refektwari. Moja iko nyuma ya nyumba, gizani: ni nyekundu kabisa. Ya pili iko chini ya taa ile inayowaka usiku kucha umeme ukiwapo: upande wa taa majani ni ya kijani tu, upande wa ukuta ndipo yameanza kugeuka. Zote mbili zilipandwa siku moja, katika udongo mmoja. Kinachozitenganisha ni taa. Hiyo ndiyo majaribio ya Garner na Allard, tunapita mbele yake mara tatu kwa siku tukiwa na sahani mkononi!

Bugenvilia nayo ina fundisho lake. Ilitoka Brazili; Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika meli za Bougainville kati ya 1766 na 1769, aliiona huko. Ukiimwagia maji mengi, inatoa majani na matawi. Ukiiacha na kiu kidogo, katika jua, inatoa rangi. Yule anayeimwagia kila siku kusudi ichanue anafanya kazi ya kuizuia.

Basi, tunajibu pande zote mbili.

Kwa wanaosema tungoe maua yote, tunasema hapana. Ni kweli ua halijazi tumbo. Lakini masomo si tumbo peke yake. Mtu aliyetoka kwa wazazi wake, analala katika chumba cha watu 20, anakula fufu kila siku, anangoja Egzetat na woga, anahitaji kuona mahali pamoja penye kitu kizuri. Tena mboga mnazotaka kupanda mbele ya biro zitakunywa maji yale yale. Lengalenga ya mwezi wa 6 haioti kwa maneno. Mboga ipandwe bondeni, karibu na maji, pale Papa mlinzi wa bustani amelima siku zote.

Kwa wanaosema vitanda sita vibaki kijani juu ya wageni, tunasema kwa heshima: wazazi wetu ni watu wa hapa, wanajua kipwa. Hakuna mama atakayeshangaa kuona udongo mkavu mwezi wa 7. Atashangaa kuona mtoto wake amekonda na mikono imepasuka kwa bidoni. Mgeni akipitishwa njia ya kapela na ya enterna ya wasichana, ataona aloe, bugenvilia na ponsetia, na ataona masomo yenye akili.

Tunaomba mambo haya matano.

La kwanza, kumwagia vitanda sita kukome wiki hii. Tukusanye mbegu za zinia na za tagete, tuziweke katika bahasha mahali pakavu, zingoje mvua.

La pili, kumwagia maua kusiwe tena punisyo. Kazi ya bustani iwe ya salongo ya Posho, kwa zamu, wakubwa na wadogo pamoja, makapita wa kwanza.

La tatu, majani makavu tusiyachome. Tuyatandike chini ya miti na roza za kapela, yazuie jua kunyonya udongo. Roza hizo chache zipewe maji yaliyooshea mboga jikoni, hayo yanatosha. Tukiacha desturi ya moto, hata aloe zetu hazitaungua kama tunavyoona kila mwaka mwezi wa 8.

La nne, ponsetia zikimaliza kuchanua zikatwe, na vipande vya matawi vipandwe kwenye vitanda vile sita mvua ikianza. Vivyo hivyo bugenvilia. Wanaokata wawe waangalifu: maziwa ya ponsetia yanawasha ngozi, tena yasiingie machoni. Viachwe kwanza maziwa yakauke, ndipo vipandwe, mbali na taa.

La tano, taa ya refektwari izimwe wakati wote tumelala, kama Direksyo inaona hakuna hatari. Tutapata ponsetia nyekundu, na tutapunguza fakitire.

Sisi wa darasa la mwisho hatutaona matokeo ya kazi hii. Jakaranda za Lubumbashi zikichanua mwezi wa 9 na wa 10, wengi wetu tutakuwa tumekwisha kutawanyika, wengine Kolwezi, wengine Kasumbalesa, wengine katika iniversite Mungu akipenda. Ndiyo maana tunasema sasa. Tulipofika hapa tukiwa wadogo, wakubwa walitutuma kisimani juu ya zinia, na sisi tukikua tungeweza kusema: « Batatumwa nabo. » Desturi mbaya zinapita hivyo, mkubwa akimpa mdogo, na kila mmoja anasema ndiyo masomo. Tungependa yetu ikomee kwetu.

Bwana Prefe na waalimu wetu, tunajua ninyi ndio wenye kukata neno. Tunaomba neno hilo likatwe mbele ya vakansi, kusudi watakaorudi mwezi wa 9 wajue nini cha kufanya. Na ninyi wadogo wetu, kabla hamjapewa jembe, nendeni kwanza refektwari na nyuma ya kapela. Angalieni kile kinachochanua chenyewe. Hesabuni, andikeni katika daftari, ulizeni mwalimu. Nchi yetu ina majira yake, na kuna mimea iliyoyajua mbele yetu. Atakayepanda kwa kufuata majira hayo hatahitaji bidoni 30.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita mkubwa, darasa la mwisho