Video ya Kamera Inachelewa? Acheni Kuwatuma Vijana Dukani!

Jamani, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika.

Kijana mmoja jirani yangu ameunda kigari cha kuendeshwa kwa mbali, na juu yake amefunga kamera na Raspberry Pi 3. Shida yake ni moja: ukuta anauona kwenye skrini baada ya kigari kuugonga. Akawauliza wajuzi. Jibu likawa lile lile: nunua Raspberry Pi 5. Pesa atoe wapi? Alikuwa karibu kuuacha mradi.

Ndugu zangu, huo si ushauri. Pi 3 na Pi 4 zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kubana video kwa H.264. Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina. Kazi hiyo huiachia prosesa kuu. Ni mashine nzuri, sikatai, lakini hapa mnamtuma akanunue nini?

Sisi tulipima kwanza. Nawe jaribu: elekeza kamera kwenye saa ya sekunde inayokimbia kwenye skrini, fungua video yake kando ya saa hiyo, kisha piga zote mbili picha moja kwa simu. Tofauti ya saa hizo ndiyo ucheleweshaji. Tulipata sekunde 1.4.

Sasa fikiria. Kwa picha 30 kila sekunde, picha moja ni milisekunde 33 tu. Muda uliobaki ulipotelea wapi? Stejini! VLC, usipoiambia vingine, huweka akiba ya milisekunde 1000 ya video ya mtandao kabla ya kukuonyesha. Ni matatu isiyoondoka mpaka ijae. Kwa sinema ni sawa. Kwa dereva ni balaa.

Tukaiacha VLC, tukatumia hii:

ffplay -fflags nobuffer -flags low_delay

Tukahama pia kutoka TCP hadi UDP. TCP hutuma upya kilichopotea huku vilivyo nyuma vikingoja. UDP husonga mbele. Mwisho tukapunguza picha hadi 640 kwa 480. Saa ikasoma sekunde 0.3. Gharama? Shilingi sufuri.

Ndiyo, Wi-Fi ikiyumba UDP huchafua picha. Lakini heri picha chafu ya sasa kuliko safi ya ukuta uliokwisha kugongwa.

Kwa hivyo wajuzi, kabla ya kumwambia mtu "nunua", muulizeni kwanza: umepima?