Vidonge vya vitamini D vimfikie anayevihitaji

Mombasa haina uhaba wa jua. Mji huu uko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, na apitaye adhuhuri mbele ya Ngome ya Yesu hana budi kutafuta kivuli. Hata hivyo, wapo wakazi wa Mji wa Kale ambao wamepimwa damu na kuambiwa kuwa wamepungukiwa na vitamini D, ile ambayo mwili hujitengenezea kwa nguvu za jua.

Habari za namna hii zimewagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza hulicheka jambo lenyewe, likisema kuwa huo ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi. Kundi la pili huamini kuwa kila uchovu na kila maumivu ya mgongo yametokana na upungufu huo, basi hukimbilia vidonge pasipo kumwuliza tabibu. Makundi yote mawili yamepotoka, na hasara ya upotofu huo haiwaangukii wabishi wenyewe, bali humwangukia mtoto mchanga na mzee asiyetoka nyumbani.

Tuanze na wanaocheka. Vitamini D haipatikani kwa kukaa katika nchi yenye jua, bali kwa miale ya jua kuigusa ngozi. Miale inayohusika haipenyi kioo cha dirisha wala nguo nzito. Ngozi nyeusi, ambayo ni kinga yetu dhidi ya kuungua, nayo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe. Hata saa ya kuota jua ina maana yake. Jua la alfajiri ni pole, lakini lina miale michache mno ya aina hiyo, na faida huonekana pale kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko kimo chake, yaani kuanzia kama saa nne asubuhi.

Sasa na tuutazame Mji wa Kale. Vichochoro vyake vilijengwa vyembamba makusudi ili vitoe kivuli, na kuta zake nene ziliwekwa kuzuia joto. Katika nyumba za jadi, mwanamke aliyejisitiri kwa buibui alipotoka nje alikuwa na ua wa ndani ulio wazi juu, ambamo alipika, akafua na kumwogesha mwanawe bila kuonwa na mpita njia. Leo familia nyingi zinaishi katika vyumba vya ghorofa visivyo na ua. Stara imebaki kama ilivyokuwa, na hakuna sababu ya kuilaumu. Kilichoondoka ni ile nafasi iliyoiwezesha stara na jua kukaa pamoja.

Ushahidi wa tofauti hizi upo. Mwaka 2012 watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakaona kuwa wana kiasi kikubwa cha vitamini D, wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, ilhali 50 huhesabiwa kuwa zinatosha. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliohusu watoto wadogo wapatao 4,500 wa nchi tano za Afrika wakiwemo wa Kilifi, jirani zetu, ulionyesha kuwa waliokuwa chini ya 50 hawakufikia hata mmoja kwa kila kumi. Lakini katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali, upungufu umeenea sana, hususan miongoni mwa wanawake. Na nyumbani Kenya, utafiti wa mwaka 2018 katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi ulithibitisha kuwa upungufu wa vitamini D ndio uliowapatia watoto matege, ukiandamana na utapiamlo.

Matege si jambo la kuchekwa. Mifupa ya mtoto hulainika, miguu ikapinda, kifua kikabonyea, na kutembea kukachelewa. Kwa mtu mzima, mifupa huuma na misuli ya mapaja hulegea hata kuinuka mkekani kukawa kazi. Huku Pwani mtoto akidhoofika, wapo wanaonong'ona kuwa ana chirwa na kwamba wazazi wamevunja mwiko. Mama hubebeshwa aibu wakati ambapo mwanawe alihitaji matone machache ya dawa.

Na dawa ipo. Maji ya hapa yaliwahi kushuhudia uponyaji wa namna hiyo. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wameteswa na kiseyeye. Miongoni mwa vitu walivyoletewa kutoka kwa mtawala wa mji mlikuwamo machungwa na ndimu, na mwandishi wa safari hiyo aliandika kuwa wagonjwa wao walipata nafuu hapa, akiisifu hewa nzuri ya mji. Leo tunajua kuwa kiseyeye hutokana na ukosefu wa vitamini C, ambayo matunda hayo yanayo kwa wingi. Waliopona walipona kwa sababu walikuwa wamekikosa kitu hicho hasa. Baharia aliyekwisha kushiba machungwa asingepata nguvu mpya kwa kuongezewa kapu la pili.

Kanuni hiyo ndiyo inayosahauliwa na kundi la pili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikishajaa, kinachoongezwa humwagika. Nchini Marekani watu wazima 25,871 walifuatwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa vidonge havikupunguza saratani wala magonjwa ya moyo, na mwaka 2022 ikabainika kuwa havikupunguza hata kuvunjika kwa mifupa. Wengi wao hawakuwa wamepungukiwa tangu mwanzo. Ndipo mwaka 2024 chama cha mabingwa wa homoni cha Marekani kikashauri kuwa watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi.

Aidha, dawa hii ikizidi ina madhara. Vitamini D kupita kiasi huongeza kalsiamu katika damu, ikaleta kichefuchefu, kiu isiyokatika, mawe ya figo na hata kuharibika kwa figo zenyewe. Mtu mzima huhitaji yuniti 600 kwa siku, na aliyepita miaka 70 huhitaji 800. Zaidi ya 4,000 kila siku pasipo usimamizi wa daktari ni kujitafutia balaa.

Aliye mgonjwa, kwa upande wake, asidhulumiwe kwa kipimo kidogo. Mwaka 2016 mabingwa wa nchi mbalimbali waliafikiana kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye matege apewe yuniti 2,000 kila siku kwa muda usiopungua miezi mitatu, pamoja na kalsiamu. Walishauri pia kuwa kila mtoto mchanga, mgonjwa au mzima, apewe yuniti 400 kwa siku katika mwaka wake wa kwanza, kwa kuwa maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo.

Basi kazi iliyopo ni kuipeleka dawa mahali pake. Kliniki za watoto, ambazo tayari hutoa chanjo na matone ya vitamini A, ndizo mlango ulio karibu zaidi na mama wa Kibokoni au Mkanyageni. Serikali ya Kaunti, ambayo ilikabidhiwa huduma hizi mwaka 2013, ingeweza kuyaongeza matone ya vitamini D kwa wachanga na kuwafundisha wauguzi kuitambua dalili ya kwanza ya matege. Mzee asiyeteremka ngazi apewe kipimo chake cha kila siku bila kulazimishwa kwanza kulipia uchunguzi wa damu, ambao mara nyingi ni ghali kuliko vidonge. Nao wenye maduka ya dawa wamwulize mnunuzi kijana mwenye afya anayetaka dozi kubwa ni nani aliyemwandikia.

Yapo pia yasiyohitaji cheti. Jodari na samaki wadogo wenye mafuta wana vitamini D. Wanaojenga ghorofa mpya wanaweza kuacha ua, au paa lenye ukuta wa stara, ili mwanamke na mtoto wake wapate jua bila kuonwa. Wapimaji ramani na wanaoidhinisha michoro ya nyumba hawajioni kuwa watumishi wa afya, lakini katika jambo hili wao nao ni matabibu.