Kabla hujalipia zumba, tazama mstari wa nyuma

Mama wa watoto wawili anaingia ukumbini saa 12 jioni, anasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Muziki uko juu, mwalimu amewapa watu mgongo, na mbele wamejipanga wazoefu ambao kila hatua wanaijua. Wimbo wa pili unaanza kabla hajauelewa wa kwanza. Wenzake wakienda kulia, yeye yuko kushoto. Ukifika wa nne anainama kujifanya anafunga kamba za raba. Wiki inayofuata haonekani, na ada ya mwezi ndiyo imekwenda.

Akiulizwa, atasema zumba si ya watu kama yeye. Mara nyingi kasoro ilikuwa kwenye darasa, si kwenye mwili wake.

Mazoezi haya yalianzia mjini Cali, nchini Colombia, miaka ya 1990. Mwalimu wa aerobiki, Alberto “Beto” Pérez, alisahau nyumbani kanda za muziki wa mazoezi, akalazimika kupiga kanda zake mwenyewe za salsa na merengue. Watu wakacheza. Mwaka 2001, akiwa Miami, Marekani, aliungana na Alberto Perlman na Alberto Aghion wakaigeuza kuwa biashara. Siku ile ya kwanza hakuna mwanafunzi aliyekuwa na hatua za kukariri, jambo ambalo walimu wengi wa sasa wamelisahau.

Mwalimu mzuri anajua kila mdundo una kazi yake. Merengue ni kulia, kushoto, kama mtu anayetembea akiwa amesimama palepale, hivyo inafaa kupasha mwili joto na hata mgeni anaimudu. Salsa ina kituo kidogo katikati ya hatua, na hapo ndipo wengi hupotea. Reggaeton hushusha magoti na kuchosha mapaja. Darasa lililopangwa vizuri hupanda, hushuka, kisha hupanda tena, na hatua moja hurudiwa hadi mstari wa nyuma uipate. Masikio yenyewe hayana ugeni mkubwa: aliyekulia kwenye rumba ya Kongo amelelewa na muziki uliochota mengi kutoka santuri za Kyuba.

Halafu mtazame mwalimu mwenyewe. Je, anageuka kuwaangalia watu? Anaonyesha kwa mkono kabla hatua haijabadilika, au anabadilisha tu na kuwaacha wengine wagongane? Na kwa kila kuruka, anaonyesha pia namna ya kufanya bila kuruka, tena bila kumfanya mtu aone aibu?

Hilo la kuruka si dogo kwa waliojifungua. Ujauzito na uzazi hulegeza misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi, na mama anaporuka, mkojo humponyoka. Wengi hunyamaza, huvaa pedi na suruali nyeusi, au huacha kabisa mazoezi. Ni tatizo la kawaida, lakini kuwa la kawaida hakumaanishi livumiliwe. Linatibika, mara nyingi kwa kuanza na mazoezi ya kukaza misuli hiyo chini ya maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mpaka hapo, mguu mmoja ubaki chini wakati wenzake wakiruka, na mwalimu aone ni sawa. Mwalimu makini huuliza mapema, pembeni, nani amejifungua karibuni, nani ana presha, nani goti linamsumbua. Anayeuliza kwa kipaza sauti ni bora asiulize.

Kuhusu ahadi za “kilo 10 kwa mwezi” zinazosambazwa WhatsApp, pita mbali. Utafiti uliofanyika Marekani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse na kutangazwa mwaka 2012 ulikuta washiriki wakitumia wastani wa kalori 369 kwa darasa moja. Walikuwa wanawake 19, wenye afya njema, wa miaka 18 hadi 22, waliokwisha kuizoea zumba. Si mama wa miaka 40 aliyelala saa nne kwa sababu mtoto ana homa. Tena sahani moja ya chipsi mayai ikiliwa njiani kurudi nyumbani, hesabu yote inavurugika.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya moyo na mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Madarasa matatu ya dakika 50 yanatosha kufika hapo. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiasi. Shirika hilo linataka pia mazoezi ya kujenga misuli siku mbili kwa wiki, na hayo zumba peke yake haiyamalizi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni sababu ya kusimama papo hapo na kumwona daktari.

Raba zisiwe zile za kukimbilia zenye soli ya meno makubwa. Zinang'ang'ania sakafu, mwili unageuka huku unyayo umebaki, na goti ndilo linaloumia. Ukiona darasa linakatishwa ghafla muziki ukiwa bado moto na watu wanakimbilia mikoba yao, hapo pana tatizo. Dakika tano za mwisho ni za kupunguza mwendo na kunyoosha misuli, maana damu iliyojaa miguuni ikiachwa ghafla humletea mtu kizunguzungu.

Omba kulipia siku moja kwanza. Simama nyuma, karibu na mlango kama yule mama, uhesabu ni mara ngapi mwalimu ametazama upande wako.