Kabla ya kulipia PET ya ubongo, uliza dawa

Mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo akishamaliza mionzi, siku ya MRI huisubiri roho ikiwa juu. Si ajabu, hasa katika wiki 12 za mwanzo, picha ikatoka na doa jeupe kubwa kuliko lile la awali. Uvimbe umerudi? Huenda. Huenda pia ni nyama ya ubongo iliyovimba kwa kuchomwa na mionzi, na ikiachwa itatulia yenyewe. MRI ya kawaida hukwama hapo. Dawa ya gadolini inayong'arisha picha huonyesha mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimevuja, na kizuizi hicho huvujishwa na uvimbe, huvujishwa na mionzi vilevile.

Jibu linabadilisha kila kitu. Ukidhani uvimbe umerudi, utaacha dawa inayofanya kazi na pengine utafungua fuvu bure. Ukidhani ni majeraha ya mionzi, utaupa uvimbe miezi ya kukua.

Ndipo familia huambiwa ikapige PET, picha inayoonyesha mahali ambapo dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini inakusanyika. Nairobi mashine zipo, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zikiwemo, kila moja na saiklotroni yake ya kutengenezea dawa. Ni hatua kubwa, na hatuna kinyongo nayo. Neno letu ni moja: kwa ubongo, swali la kwanza lisiwe mashine iko wapi. Liwe ni dawa gani itakayodungwa.

Dawa ya kawaida ya PET ni FDG, yaani sukari iliyofungwa florini yenye mionzi. Seli za saratani zina ulafi wa sukari, kwa hiyo kwenye limfoma au saratani ya mapafu huwaka waziwazi. Lakini ubongo nao ni mlafi. Una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ukidunga FDG, ubongo mzima unawaka, na kuutafuta uvimbe humo ni kumtafuta mwenye tochi saa sita mchana. Kinaya ni kwamba watu wa kwanza kudungwa FDG, huko Philadelphia mwaka 1976, walidungwa ili ubongo wenyewe uonekane.

Tusiibeze kupita kiasi. Mwaka 1982 Giovanni Di Chiro na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba glioma, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazotegemeza neva za ubongo, zikiwa kali hula sukari kuliko zile za polepole, na mpaka leo FDG husaidia kwenye limfoma ya ubongo. Lakini kwa swali la yule mgonjwa aliyetoka kwenye mionzi, ni dawa dhaifu.

Dawa inayofaa zaidi ni ya asidi amino, vijenzi vya protini. Ubongo wenye afya huzichukua kidogo tu, na seli za glioma huzivuta kwa wingi hata pale ambapo kizuizi cha damu hakijavuja. Kwenye picha ubongo unabaki hafifu na uvimbe unajitokeza. Kwa dawa iitwayo FET, wataalamu hupima: sehemu inayovuta zaidi ya mara 1.6 ya upande wenye afya inatiliwa shaka. Daktari wa upasuaji anayetaka kuchukua kinyama naye hupata pa kulenga sindano, badala ya kuambulia tishu iliyokufa. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la RANO, pamoja na chama cha Ulaya cha wataalamu wa saratani za ubongo, EANO, walitoa mapendekezo yaliyoweka asidi amino mbele ya FDG kwa glioma. Hospitali za Ujerumani zilikuwa zimeizoea FET miaka mingi kabla ya hapo.

Kwa nini basi isiwe kila mahali? Sababu mojawapo ni saa. Methionini, asidi amino iliyotumika zamani zaidi, hubebwa na kaboni-11, ambayo hupungua kwa nusu kila dakika 20. Saa moja ikipita, imebaki sehemu moja ya nane. Hiyo haitoki nje ya jengo. FET hubebwa na florini-18, ileile ya FDG, ambayo nusu yake huisha baada ya dakika 110. Ikitoka Nairobi saa mbili asubuhi, saa tano na dakika 40 bado una robo. Kwa hiyo anayetengeneza FDG hahitaji saiklotroni nyingine ili atengeneze FET. Anahitaji malighafi tofauti, mkemia aliyefunzwa, vipimo vya ubora na kibali. Hivyo navyo vina gharama, lakini bei ya saiklotroni ilishalipwa.

Meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, una njia nyepesi zaidi: gali-68 iliyofungwa kwenye molekuli iitwayo DOTATATE. Gali hiyo hukamuliwa kwenye jenereta ndogo ya germani inayodumu miezi kadhaa. Hospitali yenye mashine ya PET lakini haina saiklotroni inaweza kuanzia hapo.

Hakuna dawa kati ya hizi inayofuta maabara. Baadhi ya glioma za polepole hazivuti FET kabisa, na aina ya uvimbe haithibitishwi bila kinyama na vipimo vya vinasaba. Daktari anayeahidi vinginevyo anauza picha.

Tunachotaka kinaanzia kwenye karatasi. Fomu ya rufaa iandike swali linaloulizwa na jina la dawa, si "PET ya ubongo" tu. Bima ziache kulipia FDG ya glioma kwa mazoea, bila maelezo ya daktari, na fedha hizo zilipie FET inapopatikana. Na wizara zinazopanga kununua mashine mpya zitenge fungu la wakemia na malighafi kwenye zabuni ileile, kabla ya utepe kukatwa.