Daktari na Aulize, Mgonjwa na Ajibu

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, lakini maana yake niliifahamu barabara usiku mmoja wa Ramadhani, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha hospitali, msahafu mkononi na uwongo moyoni.

Aliyelala kitandani alikuwa jirani yangu, seremala, mtu wa heshima zake, mwenye mke, watoto na wakwe. Nitamwita Fundi, maana jina lake si langu kulitoa. Siku ya pili ya mfungo mikono ilianza kumtetemeka, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, na alasiri akaanguka kwa kifafa, naye hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Tulimpakia garini, mkewe, mwanawe mkubwa, mkwewe na mimi, tukamkimbiza katika hospitali ambayo sitaitaja.

Daktari kijana alitupokea, akauliza mengi na kuyaandika kitabuni. Alipofika kwenye pombe aliinua macho, akaiona kofia ya mgonjwa, akayaona mabuibui mawili, akasema kama mtu anayeomba radhi: "Mzee huyu hanywi, sivyo?" Mwanawe akajibu, "Astaghfirullahi, daktari! Baba huswali safu ya mbele." Basi, kalamu ikapita. Fundi akatibiwa malaria na upungufu wa maji mwilini.

Nami nilijua. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona Fundi akitoka mangweni, nyuma ya minazi, magharibi ikiingia, akitafuna karafuu ili kuondoa harufu. Nilijua kwamba siku haimpiti bila mnazi. Nikanyamaza, nikajiambia kwamba namsitiri ndugu yangu Mwislamu.

Usiku ulipoingia, Fundi aliona siafu wakipanda ukutani, akazungumza na marehemu babake, akaung'oa mpira wa maji mkononi. Jamaa wakanong'onezana kwamba hilo ni jini. Nikaambiwa, "Maalim, msomee." Nikasoma. Mmoja wetu aliuliza ni jini gani huyu afanyaye kazi Ramadhani, hali twaambiwa mashetani hufungwa minyororo, lakini hakupata wa kumjibu. Kabla ya daku Fundi aliruka kitandani, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia, mkono wa msumeno.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa zamu ya usiku. Aliwaomba jamaa wasubiri nje, akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, mara ya mwisho alikunywa lini?" Hakuuliza kama anakunywa, aliuliza lini. Nikajikuta nimejibu: "Siku moja kabla ya mwezi kuandama." Hakushangaa wala hakunidharau. Alikwenda kumwita daktari, na Fundi akapewa dawa ya kutuliza ubongo, iliyopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na sindano za vitamini B1. Siku ya nne alinitambua.

Baadaye nilisoma na kuuliza. Mwili uliozoea ulevi wa kila siku hujipanga ili uuhimili, na pombe ikikatwa ghafla ubongo hubaki kama gari lililokatika breki. Mikono huanza kutetemeka saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa huweza kuja ndani ya siku mbili. Kuona yasiyokuwepo na kupotewa na akili hufuata, aghalabu siku ya pili hadi ya nne, na asiyetibiwa huweza kufa. Sasa msomaji pima mwenyewe: ni wakati gani mnywaji wa Kiislamu hapa Pwani huiacha pombe kwa ghafla, tena kwa nia njema kabisa? Ni Ramadhani inapoingia. Naogopa wamo makaburini mwetu watu tuliosema wameuawa na majini au na swaumu, na kumbe waliuawa na swali ambalo halikuulizwa.

Ndiyo maana nasema madaktari na wauguzi wetu wana kosa, nalo ni la namna mbili. Kuna anayeiuliza kofia badala ya kumuuliza mgonjwa. Akiona kanzu au buibui huandika "hanywi" kabla hajajibiwa. Kuna na yule anayeuliza kwa sauti ya mnadi mbele ya wakwe na foleni nzima, kisha akaongeza hotuba: "Na wewe Mwislamu, huoni haya?" Wa kwanza hapati jibu kwa kuwa hakuuliza, na wa pili hulipata la uwongo kwa kuwa amemfungia mgonjwa mlango wa kweli.

Muuguzi yule wa usiku alionyesha njia: faragha, sauti ya chini, maneno mepesi, na uso usiohukumu. Mimi nitaongeza mawili. La kwanza, asiulize "pombe" tu. Mnywaji wa mnazi aweza kuapa kwamba hanywi pombe na akajiona amesema kweli, maana kwake pombe ni ile ya dukani. Na aulizwe mnazi, bia, chang'aa, vyote kwa majina yake. La pili, kiasi kiulizwe kwa kipimo cha mnywaji mwenyewe, yaani chupa ngapi, na za asubuhi au za jioni, kwa kuwa tembo la asubuhi lingali tamu, na la jioni limekwisha chachuka likawa kali.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 10 ya kumtambua mtu ambaye pombe imeanza kumdhuru, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 yalikofanyiwa uchunguzi, pamoja na Marekani na Australia. Mwongozo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1989. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, jumla 40, na mwenye kufikia 8 anahitaji kuonywa na kusaidiwa. Maswali yenyewe huchukua dakika chache tu. Tena mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio 69 yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, wakaona kwamba mazungumzo mafupi ya daktari au muuguzi humpunguzia unywaji mtu anayezidisha. Aliyekwisha zama kama Fundi huhitaji zaidi ya mazungumzo, lakini naye atajulikanaje asipoulizwa? Na si kifafa peke yake kinachotutaka tuseme kweli. Dawa za kifua kikuu huelemea ini, nalo ini la mnywaji limekwisha elemewa. Hata daktari wa kumlaza mtu usingizi kabla ya kupasuliwa anahitaji kujua.

Najua litakalosemwa, kwamba kumuuliza Mwislamu swali hili ni kumtusi. Si tusi likiulizwa kila mtu, mzee na kijana, mume na mke, Mwislamu na asiye Mwislamu, kama vile kila mtu anavyopimwa presha bila kuulizwa dini yake.

Mwingine atasema kwamba upole wa daktari utailegeza haramu. La hasha! Hukumu imo katika Maida na kalamu ya daktari haiibadilishi. Lakini hata hukumu hiyo haikushuka kwa siku moja. Ilitangulia Baqara, ikafuata Nisaa, kisha ndiyo ikaja Maida. Na imepokewa katika Bukhari habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa ulevi. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani, Mtume akakataza asilaaniwe, kwa kuwa alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, lakini heshima yake hakunyang'anywa. Sheikh na aseme ya hukumu, tabibu na aseme ya mwili, na kila mmoja abaki kwenye kiti chake.

Sasa nageuka kwetu, maana kosa si la hospitali peke yake. Mimi si mufti, lakini tulichofundishwa ni kwamba kumsitiri mwenzio ni kutomtangaza barazani. Hatukufundishwa kumdanganya tabibu hadi mgonjwa afe. Kumweleza daktari maradhi si kujigamba kwa dhambi. Siri ya mgonjwa ni amana, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamfunga mhudumu asiitoe ovyo. Nanyi mnaotibu, mjue kwamba amana hiyo huvunjika kwa neno moja. Habari ikimfikia mkwe kabla mgonjwa hajatoka wadini, kesho mtaa mzima hautawaambia kweli tena.

Nina ombi moja jepesi. Mwezi wa Shaabani unapoingia, zahanati na hospitali za Pwani ziwaulize faraghani wagonjwa wao kuhusu pombe, kama zinavyowauliza wenye kisukari watafungaje. Na maimamu, watakapohimiza toba, waongeze neno dogo: mwenye kunywa kila siku na anataka kuacha, na aache, ila apite kwanza kwa daktari, asije akaangamia njiani. Kufanya hivyo hakupunguzi toba. Ni kuuhifadhi mwili ambao Mola ametupa.

Fundi yu hai, alhamdulillahi, na hajarudi mangweni. Mkono wake uliunga umepinda kidogo, na mbao nzito sasa hupandishwa na mwanawe. Kila nipitapo karakana yake huniamkia kwa furaha, nami huutazama mkono ule nikakumbuka kwamba, daktari alipouliza swali lile vibaya, nilikuwepo na jibu nilikuwa nalo. Mola atupe ujasiri wa kusema kweli pahali pake.